Breki Mbili Kabla ya Kona

"Andika kwamba Jumamosi niliendesha gari," Owino alisema. "Lakini andika pia ni gari gani."

Inspekta Phyllis Chepkurui hakuandika kitu. Alikuwa ametumwa kutoka Kericho asubuhi hiyo ya Alhamisi kuja kufunga faili, si kulifungua, na faili lenyewe lilikuwa jembamba kiasi cha kutia aibu. Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, lori la kubebea majani la kiwanda cha chai cha Chemalalwet liliingia kona ya chini ya Merigi kwa kasi. Tanboi mmoja, mpakiaji wa majani aliyeitwa Kebaso, aliyekuwa amesimama nyuma pamoja na mwenzake, alirushwa akaangukia mawe na kufa kabla ya kufikishwa hospitalini. Dereva aliruka akatokomea kwenye mashamba ya chai. Tiketi ya safari ilitaja jina la Owino kama dereva, na Owino alikamatwa siku iliyofuata akiwa amevaa suti ya kanisani.

Chini kabisa ya maelezo yake, koplo wa kituo alikuwa ameandika kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka: Mshukiwa anadai alikuwa anaendesha gari ndani ya kompyuta. Anaonekana amelewa.

"Ulikuwa umelewa?"

"Nimeokoka tangu themanini na nane, Madam. Koplo aliniuliza nilikuwa wapi, nikamwambia. Akacheka mpaka akashika ukuta. Sasa kama ukweli unachekesha, hiyo ni shida yangu?"

Alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono mipana iliyozoea usukani, na siku nne za seli hazikuwa zimempunguza chochote. Chepkurui alikuwa amehoji watu wengi waliokuwa wakisihi. Huyu hakusihi. Alikuwa amekasirika, na hasira yake ilikuwa safi.

"Niambie mimi. Sitacheka."

"Jumamosi saa sita mchana Kiplimo, karani wa magari, aliniambia lori langu linaenda gereji kuwekwa springi. Akasema niende nipumzike. Nikala chakula cha mchana, halafu pale langoni nikakutana na Quinter, yule msichana wa kompyuta. Akaniuliza kama ninaweza kumpa masaa mawili. Ana gemu ya mashindano ya magari, na anafundisha kompyuta iendeshe yenyewe. Lakini lazima mtu aendeshe kwanza, kompyuta ione. Na yeye Quinter hajui hata baiskeli. Nikamwambia, mwalimu umempata."

"Mkiwa huko ndani, kuna jambo lolote lilitokea?"

"Jambo gani?"

"Sijui. Wewe ndiye ulikuwa huko."

Owino alifikiri. "Stima ilipotea. Nilikuwa katikati ya kona, nimeipangia vizuri kabisa, halafu skrini ikawa nyeusi. Tukangoja jenereta, tukaanza tena."

Hapo ndipo Chepkurui alipochukua kalamu.

"Kiplimo alikuja kuniona jana," Owino aliendelea. "Amesema nikikubali makosa, kiwanda kitaniwekea wakili, nifungwe kidogo tu. Nimekataa. Kebaso nimesafiri naye miaka sita. Mama yake ananijua kwa jina. Wanifunge miaka wanayotaka, lakini kwa mdomo wangu sitasema nilimuua Kebaso."

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Mkuu wa kituo, Bwana Chepyegon, aliingiza kichwa na nusu ya tumbo.

"Inspekta, kesho saa tatu mtu huyu anasomewa mashtaka. Bado?"

"Bado, Afande. Nataka kwenda kiwandani."

"Kufanya nini? Tiketi tunayo. Na huyo msichana wa kompyuta ni wa kabila la kule ziwani, kama huyu. Hata yule tanboi aliyepona, Ogada, ni mtu wao. Utapata hadithi moja kwa sauti tatu."

"Basi nitatafuta sauti ya nne," Chepkurui alisema, akaokota faili lake.

Akiwa ndani ya Land Rover alisoma tena maelezo ya Ogada, ukurasa ambao hakuna aliyeujali. Ogada alikuwa amevunjika mguu na alikuwa ametoa maelezo yake akiwa kitandani. Alisema hakumwona dereva. Lori liliwachukua langoni likiwa tayari linanguruma, wao wakarukia nyuma kama kawaida. Katika vituo vyote vya majani dereva hakushuka, ingawa Owino hushuka kila mara kuwatania akina mama wanaopimiwa majani. Kisha kulikuwa na haya: Owino akikaribia kona hugusa breki mara mbili, haraka haraka, kutuonya tulio nyuma tushike vyuma. Hajawahi kusahau. Siku hiyo breki hazikuguswa hata mara moja.

Pembeni koplo alikuwa ameandika: Alisahau.

*

Ofisi ya kompyuta ilikuwa chumba kidogo nyuma ya chumba cha kupangia chai, na vumbi la chai lilikuwa limefika kila mahali isipokuwa kwenye mashine yenyewe, iliyofunikwa kwa kitambaa cha kufumwa. Quinter Ajwang alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita hivi, mwenye digrii ya hesabu ambayo kiwandani ilikuwa ikimsaidia kuchapa orodha za wakulima. Hakusimama.

"Kama umekuja kuichukua, itabidi unichukue na mimi," alisema. "Meneja ameniandikia barua nifute kila kitu. Nimemrudishia barua yake."

"Kwa nini anataka ufute?"

"Askari wa lango alichungulia dirishani Jumanne, akaona gari linajiendesha kwa skrini na mimi niko pale kwa kabati natafuta faili. Akaita pasta. Wameombea hii ofisi mara mbili. Sasa eti ninafuga mashetani." Alitabasamu bila furaha. "Nilikatazwa kufanya hii kitu, Madam, na nikaifanya. Hiyo sikatai. Lakini shetani hajui hesabu za calculus."

Chepkurui alivuta kiti. "Nieleze. Polepole, kama unaongea na mtu ambaye hajui calculus."

Quinter alimwangalia vizuri kwa mara ya kwanza, kisha akaondoa kile kitambaa.

"Wazungu wanaiita neural network. Mimi naiita mwanafunzi. Chukua picha ya barabara kwenye gemu, uikatekate kuwa viraba vidogo, karibu elfu moja, vingine vyeusi vingine vyeupe. Mwanafunzi anaona viraba hivyo tu. Mbele yake kuna vitufe vinne: kushoto, kulia, mafuta, breki. Mtu akiendesha, mimi narekodi mara kumi kila sekunde, picha ilikuwa hivi, na vidole vilibonyeza hapa. Baadaye mwanafunzi anapewa picha, anabahatisha kitufe, anaambiwa amekosea kiasi gani, anajirekebisha kidogo. Anarudia mara maelfu na maelfu. Huyu wa sasa alisoma kuanzia Jumamosi jioni mpaka Jumanne asubuhi. Hakuna mahali nimemwandikia kwamba hii ni kona."

"Kwa hiyo anaiga."

"Anaiga yule aliyemfundisha, mazuri na mabaya. Wa kwanza nilimfundisha mimi. Ngoja umwone."

Alibonyeza vitufe kadhaa akainua mikono juu. Kigari chekundu kiliondoka kwa kishindo, kikayumba, kikakwaruza ua wa kushoto, kikafika kwenye kona ya kwanza bila kupunguza mwendo wowote na kujitupa majanini.

"Huyo ni mimi kabisa," Quinter alisema. "Na sasa huyu ni Owino."

Kigari kilirudi mwanzo. Safari hii kiliondoka taratibu, kikashika upande wa kushoto wa barabara ijapokuwa hakukuwa na gari lolote la kupishana nalo. Quinter alikuwa amekunja mikono kifuani. Kiti kilicho mbele ya kibodi kilikuwa kitupu, na Chepkurui alikiri moyoni kwamba angekuwa yule askari wa lango huenda naye angemwita pasta.

Kona ya kwanza ilikaribia. Taa ndogo nyekundu nyuma ya kigari iliwaka ikazimika, ikawaka ikazimika, ndipo gari likaingia konani kwa utulivu.

Chepkurui aliinama mbele. "Hiyo taa ni ya nini?"

"Breki. Na usiniulize." Quinter alisonya. "Hilo ni kosa langu mahali fulani kwenye programu. Nimelitafuta tangu Jumanne silipati. Hakuna haja ya kugusa breki mara mbili, inampotezea muda bure. Nimepitia mistari yote, na leo nilikuwa nataka kuliondoa hata kwa lazima."

"Usiliondoe."

"Nini?"

"Usiguse kitu. Rudisha mwanzo."

Alitoa daftari akahesabu. Barabara ya gemu ilikuwa na kona kumi na moja. Katika kona tisa taa iliwaka mara mbili. Katika moja iliwaka mara tatu, na katika ya mwisho, iliyojitokeza ghafla nyuma ya jengo, mwanafunzi alichelewa akagonga ukuta. Chepkurui alimwagiza Quinter arudishe tena, akahesabu upya, kisha akaomba yule mwanafunzi wa kwanza arudishwe pia. Yule hakugusa breki mara mbili popote. Programu ilikuwa ile ile na barabara ile ile. Kilichobadilika ni mwalimu tu.

"Wewe umewahi kupanda lori la majani?" aliuliza.

"Mimi? Sijawahi."

"Owino alikueleza kwamba anagusa breki hivyo?"

"Hakueleza kitu. Alikuwa anaimba tu."

Chepkurui alimsomea maelezo ya Ogada, neno kwa neno. Quinter alisikiliza, halafu akageukia skrini.

"Kwa hiyo hata hapa," alisema, "hata kwenye gemu, alikuwa anawaonya."

"Ndiyo. Na hakujua anafanya hivyo, la sivyo angeniambia asubuhi. Mtu akisahau breki zake kwenye lori lenye watu nyuma, hawezi kuzikumbuka kwenye gemu isiyo na mtu." Alifunga kalamu. "Sasa nionyeshe rekodi yenyewe. Ilianza lini?"

Rekodi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilianza Jumamosi saa nane na robo mchana na kukatika ghafla saa tisa na dakika ishirini, gari likiwa katikati ya kona. Ya pili ilianza saa tisa na dakika thelathini na tatu na kuisha saa kumi na nusu.

"Saa ya kompyuta inaweza kubadilishwa," Chepkurui alisema.

"Na mtu yeyote, kwa dakika moja," Quinter alijibu papo hapo. "Sitakudanganya."

Inspekta alilinganisha saa ya kompyuta na yake ya mkononi, ambayo aliisawazisha kila asubuhi kwa taarifa ya habari ya redio. Kompyuta ilikuwa nyuma kwa dakika mbili kamili. Akaandika hilo, akauliza jenereta iko wapi.

*

Mzee Kipchirchir alikuwa ameendesha chumba cha mitambo kwa miaka ishirini na mbili na hakuwa na haraka na mtu yeyote, polisi wakiwemo. Walisalimiana kwa Kipsigis, wakaulizana habari za mvua na ng'ombe jinsi inavyopasa, ndipo Chepkurui alipoomba kuona kitabu chake cha stima. Mzee alitoa ufunguo shingoni, akafungua sanduku la chuma, akaweka kitabu juu ya meza baada ya kuipangusa.

"Stima ikipotea mimi naandika. Majani yakiungua kwa kikaushio, wakubwa wanauliza nani alilala. Hiki kitabu ndicho kinanijibia."

"Kuna mtu ameomba kukiona wiki hii?"

"Hata meneja akitaka, anakuja anaketi hapo ulipo, anaangalia mbele yangu."

Jumamosi. Mstari ulikuwa umeandikwa kwa wino wa bluu, namba kubwa za mtu aliyejifunza kuandika akiwa mzima. Stima ilipotea saa tisa na dakika ishirini na mbili. Jenereta iliwaka saa tisa na dakika thelathini na moja.

Chepkurui alitoa zile dakika mbili. Zikaangukia pale pale, saa tisa na ishirini. Kompyuta yenyewe ilihitaji dakika chache za kuwashwa upya baada ya jenereta, na hizo nazo zilikuwa pale. Alisoma mstari huo mara tatu, na kila mara alihisi kitu kikipanda kifuani ambacho ilikuwa vigumu kukiita kitu kingine ila furaha. Kutoka kiwandani hadi kona ya Merigi, kwa barabara ile ya murram, changarawe tupu, lori lilihitaji saa nzima.

"Mzee, utakubali kuja kusema haya mbele ya hakimu? Wako watakaochukia."

Kipchirchir alifunga kitabu. "Wanaochukia waje wawashe jenereta."

*

Kiplimo alimpokea kwa tabasamu na thermos ya chai; koplo aliyekuja naye kutoka kituoni alibaki mlangoni. Alikuwa kijana nadhifu, shati jeupe, na nyuma yake ubao wa funguo za magari ulining'inia ukutani. Baba yake mdogo alikuwa mwenyekiti wa kiwanda, jambo alilolitaja kabla ya kikombe cha kwanza kujaa.

"Lori la Owino lilikwenda gereji gani Jumamosi?" Chepkurui aliuliza.

"Halikwenda gereji. Owino alitoka nalo. Tiketi unayo."

"Tiketi iliandikwa na nani?"

"Mimi. Ndiyo kazi yangu."

"Uliiandika ukimwona Owino anachukua ufunguo?"

"Kwa macho yangu haya."

"Saa ngapi?"

"Saa nane kasorobo."

"Dereva wa lori la majani akifika kwenye kona, anafanya nini?"

Kiplimo alicheka. "Anapiga honi, anakata kona. Madam, hayo ni maswali gani?"

"Ni swali la mtu anayewajali watu wanaosimama nyuma." Aliweka daftari mezani akaligeuza limwelekee. "Saa nane na robo Owino alikuwa kwenye ofisi ya kompyuta. Alikaa huko mpaka saa kumi na nusu. Stima ilipopotea alikuwa amekaa mbele ya skrini. Alinieleza hilo akiwa seli, kabla sijafika hapa, na kitabu cha chumba cha mitambo kimekubaliana naye kwa dakika."

"Utamwambia hakimu kwamba kompyuta imekwambia?"

"Nitamwambia hakimu kwamba uliona kwa macho yako mtu ambaye hakuwepo. Kisha nitamwomba akuulize nani alichukua ufunguo, kwa sababu wenye ruhusa ya kuugusa ubao huo ni wawili tu, dereva na wewe."

Tabasamu lilimtoka Kiplimo pole pole. Alikunywa chai yake yote, akaweka kikombe chini, na alipoongea hakuongea kwa woga. Hilo ndilo lililomchoma Chepkurui zaidi ya yote.

"Fikiria vizuri, Madam. Wewe ni mtu wa hapa. Mimi sina leseni ya lori, nilitaka tu nizoee. Ilikuwa bahati mbaya. Owino angekubali angekaa ndani miaka miwili, atoke arudi kwao. Nani angemkosa? Mimi nina jina."

"Na Kebaso?"

Kiplimo alianza kujimiminia chai nyingine.

"Simama," Chepkurui alisema. "Koplo, mtie pingu. Hapana, si kwa mlango wa nyuma. Mpitishe mbele ya ofisi zote."

Koplo alikuwa yule yule aliyeandika kwamba Owino alikuwa amelewa. Alisita kidogo, akamtazama inspekta usoni, akatii.

*

Ijumaa saa mbili asubuhi, benchi la nje ya kituo lilikuwa na mwanamke mmoja tu, lakini uani kulikuwa na watu zaidi ya hamsini. Mwanamke alikuwa Jerusa, mama yake Kebaso. Alikuwa ametoka Chepilat alfajiri ili amwone usoni mtu aliyemuua mwanawe kabla hajapelekwa kortini.

Ndani, Bwana Chepyegon alikuwa amefunga mlango wa ofisi.

"Mwenyekiti amenipigia simu mara nne," alisema. "Kiplimo atatoka kwa dhamana kabla ya chakula cha mchana, na Owino utamtoa kwa mlango wa nyuma. Hapo nje utasema uchunguzi unaendelea. Hakuna majina. Na gemu ya watoto haiendi kortini, nilishakwambia."

"Inaenda, Afande. Quinter ameshapakia kompyuta kwenye Land Rover, na Mzee Kipchirchir ameketi juu ya kitabu chake. Maelezo ya Kiplimo ameyatia sahihi mwenyewe, na nakala iko Kericho tangu jana jioni."

"Unajua unaweza kuhamishwa uamkie Lodwar, huko jangwani?"

"Nimesikia Lodwar kuna jua zuri," Chepkurui alisema.

Alimtoa Owino seli mwenyewe. Kwenye korido walifika mahali panapogawanyika, nyuma kwenda kwenye shimo la takataka, mbele kwenda uani.

"Kuna watu wengi mbele," alimwambia. "Hawajui bado. Ukitaka, unaweza kupitia huku."

"Mama Kebaso yuko?"

"Yuko."

Owino alivuta koti la suti yake, lililokunjamana kwa siku tano, akalinyoosha kwa viganja. "Basi napita mbele."

Walipotokea, minong'ono ilipanda. Mtu alirusha donge la udongo likapiga nguzo. Jerusa alisimama. Alikuwa mfupi, amejifunga leso mbili, na alitembea mpaka akawa mbele ya Owino, akainua uso kumtazama.

"Owino. Ni wewe ulikuwa unaendesha?"

Nyuma yao Bwana Chepyegon alikuwa amefika mlangoni. "Inspekta," alisema kwa sauti ya chini. "Ingia ndani."

Chepkurui alisogea hatua moja mbele.

"Hapana, Mama. Si Owino. Lori liliendeshwa na Kiplimo, karani wa magari wa kiwanda cha Chemalalwet, mtoto wa ndugu yake mwenyekiti. Hana leseni. Alitoroka akamwacha mwanao barabarani, kisha akaandika jina la mtu mwingine."

Wengi waliokuwa pale walikuwa watu wa kabila la Chepkurui mwenyewe, waliomjua Kiplimo na waliomjua baba yake, na aliona nyuso zikikunjamana moja moja.

"Inspekta Chepkurui, nimesema ingia."

"Aliyeendesha ni Kiplimo," alirudia, kwa nguvu zaidi, mara ya kwanza kwa Kiswahili na mara ya pili kwa Kipsigis, ili asiwepo mtu wa kusema hakusikia.

Jerusa hakulia. Alirudi kwenye benchi, akasogea mpaka mwisho na kupangusa nafasi iliyobaki kwa leso yake.

"Keti hapa na mimi," alimwambia. "Hatutoki mpaka wamlete tumwone."

Owino akaenda akaketi.